Boracay: bahari ilisafishwa, na lugha je?

Familia na wachumba huenda kupumzika Boracay, Ufilipino, kwa ajili ya mchanga wake mweupe. Mwaka 2018 Rais Duterte alikifunga kisiwa hicho miezi 6, kwa sababu maji machafu yalikuwa yakimwagwa baharini. Alifanya vema. Lakini Waati, wakaaji wa kale wa kisiwa hicho, wana lugha yao, Inati, nayo imo hatarini kupotea. Mgeni hukaribishwa kwa Kiingereza, akarudi kwao bila neno moja la Inati. Sisi tunaosoma lugha tuseme wazi: hoteli zinazouza ufuo huo ziandike walau salamu kwa Inati, kwa idhini ya Waati na kwa malipo. Bahari ilisafishwa kwa amri ya rais. Lugha ikizimika, haifufuliwi kwa amri.