Picha za Zamani Zitoke Kabatini

Mzee wa Kawangware, Nairobi, akionyeshwa picha ya basi la zamani la Kenya Bus Service (KBS), haishii kusema ni basi. Atataja nauli, kondakta mkali, na binti aliyekaa dirishani. Tiba ya kumbukumbu huanzia hapo: picha au santuri humfungua mtu mdomo, na upweke ukalegea.

Mwaka 1963, daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba kurejelea maisha yaliyopita si dalili ya akili kuchakaa. Nyanya wa hapa, kwa kweli, hawakumngoja.

Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali ya Kenya huwapa wazee waliosajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, ila hela hazipigi gumzo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, ina picha tele. Mbona nakala zake zisipelekwe Kangemi na Dagoretti, kwenye kumbi za makanisa na misikiti?

Tahadhari ipo. Aliyekuwa Nairobi Aprili 1954, msako wa wakoloni Waingereza ulioitwa Anvil ulipowazoa maelfu, huenda asitabasamu akiona picha ya lori la askari. Anayeongoza gumzo ajue kubadilisha picha haraka, na amfikishe kliniki yule ambaye machozi hayamkauki.