Khofu Haiponi kwa Kukimbiwa



Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayotutaabisha sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti hapa Bombambili, Manispaa ya Songea, ni uhaba wa waosha maiti. Si mara moja wala mbili tumeshuhudia mwili wa mzee ukisubiri waoshaji waitwe kutoka mtaa mwingine, ilhali watoto wake wa kuwazaa, wazima wa afya, wamejaa uani. Ukiwauliza faragha, ni wachache watakaosema kwamba hawajui namna ya kuosha. Wengi husema wanaogopa. Wapo wanaoogopa kuitazama sura ya marehemu, wapo wanaoogopa kuigusa ngozi iliyopoa, na wapo wanaoogopa kuotewa usiku.

Kuosha, kukafini, kusalia na kuzika ni fardhi ya kifaya. Akikosekana kabisa wa kuitekeleza, dhambi huwaenea wote. Kwa sababu hiyo tumeona tuizungumze khofu yenyewe, maana kuwahimiza watu bila ya kuutazama ugonjwa walio nao hakujazaa matunda.

Tuanze kwa kusema kuwa khofu kwa asili yake ni neema. Anayeruka kando akimwona nyoka, au anayesita kuvuka barabara gari linapokuja kwa kasi, amehifadhiwa na khofu aliyoumbiwa. Tatizo ni khofu iliyovuka mpaka, ambayo wataalamu wa afya ya akili huiita fobia: mtu anaogopa kuliko kiasi cha hatari iliyopo, pengine mwenyewe anakiri kuwa hakuna hatari yoyote, lakini moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka na miguu inakataa kumtii. Hatimaye huyapanga maisha yake yote kwa namna ya kukikwepa kile anachokiogopa.

Mtu wa namna hii akijitokeza, jawabu tunalompa mara nyingi ni kumwambia kuwa hana imani. Jawabu hilo si la haki. Katika Suratu Twaha na Suratul Qasas tunasimuliwa habari ya Nabii Musa (A.S), aliyeamrishwa aitupe fimbo yake. Alipoiona inatikisika kama nyoka aligeuka akakimbia, wala hakutazama nyuma. Huyo ni Mtume, naye yuko katika mazungumzo na Mola wake! Allah (S.W) hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwita arudi, akampa amani, kisha akamwamrisha amkamate nyoka yule yule aliyemkimbia. Baadaye, mbele ya wachawi wa Firauni, Musa (A.S) alihisi tena khofu nafsini mwake, akatulizwa tena, naye akasimama. Tena alikuwa ameomba apewe nduguye Harun awe pamoja naye. Mwenye kuzingatia ataona humo mambo matatu: khofu haikumtoa katika daraja yake, tiba yake ilikuwa kurejea pale alipopakimbia, na hakuachwa arejee peke yake.

Kwa nini kurejea kuwe ndiyo tiba? Kwa sababu kukimbia ndiko kunakoilisha khofu. Kijana akitoka mbio chumbani alimo maiti, kifua chake hutulia papo hapo, na nafsi yake hujifunza kuwa kilichomwokoa ni kukimbia. Safari ya pili atakimbilia mlangoni, na safari ya tatu hatafika msibani. Lakini akibaki mahali pale, ule mpapatiko wa moyo hupanda hadi kilele chake kisha hushuka wenyewe, maana mwili hauwezi kudumu katika hali hiyo. Anayebaki hadi ukashuka hujifunza somo ambalo mkimbiaji hatalipata: kwamba aliogopa, na halikumfika jambo.

Elimu hii si ngeni katika umma wetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliitenga khofu kuwa maradhi ya nafsi yenye tiba yake, na akamshauri mwenye nayo ajikaribishe mara kwa mara na kile anachokiogopa hadi akizoee. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, daktari Joseph Wolpe wa Johannesburg, Afrika Kusini, aliipanga njia ya kuikaribia khofu daraja baada ya daraja huku mwili ukiwa umetulizwa, akaitangaza katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Hadi leo msingi huo ndio unaotegemewa hospitalini.

Basi tuutumie kwa kijana wetu anayeogopa maiti. Asisukumwe siku ya kwanza ndani ya pazia la kuoshea. Aanze kwa kuhudhuria swala ya jeneza, kisha alisindikize hadi makaburini. Akishazoea, akae na wazee wanapokata sanda na kutayarisha kafuri na majani ya mkunazi, na ajifunze kuosha kwa mfano, mwenzake akiwa amelala mkekani. Daraja inayofuata ni kupeleka maji hadi kwenye pazia, kisha kuingia na kumimina maji tu, mkono wa mzee mzoefu ukiwa karibu naye. Mwisho ndipo atie mkono wake mwenyewe. Kila daraja airudie hadi moyo utulie ndipo apande nyingine, hata ikichukua miezi. Akina mama nao wawapitishe mabinti zao katika njia hiyo hiyo, kwani siku ya mama kuoshwa, bintiye ni katika watu wanaostahiki zaidi kumuosha.

Njia hii yafaa kwa khofu nyingine pia: ya giza, ya mbwa, au ya kupanda basi kwa aliyewahi kupata ajali. Khofu ya sindano na damu ina tofauti moja. Wengi wenye khofu hiyo huzimia, kwa kuwa msukumo wa damu hushuka ghafla. Huyo amweleze mhudumu mapema, achomwe akiwa amelala, na akianza kuhisi kizunguzungu akaze misuli ya miguu na mikono kwa muda, alegeze kidogo, kisha akaze tena.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayetishiwa kila siku kuwa akilia ataletewa mumiani, au kuwa daktari atamchoma sindano, anapandiwa mbegu ambayo atakuja kuivuna ukubwani. Mtume (S.A.W) ametukataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, na ameukanusha mkosi wa bundi. Vipi basi nyumba ya Muislamu ikeshe kwa kuwa bundi amelia juu ya paa?

Na khofu isiyochunguzwa ikitoka kwa mtu mmoja ikaingia kijijini, huua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa baada ya kuvumishwa kuwa ni wanyonya damu. Mwaka 2017 uvumi wa aina hiyo uliua watu kusini mwa Malawi, nchi tunayopakana nayo ziwani, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, badala ya kulirejesha kwa wenye mamlaka na ujuzi wa kulichunguza. Kwa jamii, kuisogelea khofu ni kuuliza: nani ameona, wapi, na mwenyekiti wa mtaa anasemaje?

Ikiwa khofu imemzuia mtu kazi, swala ya jamaa, usingizi au matibabu, aende kituo cha afya na aombe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Adhkari za asubuhi na jioni asiziache. Mtume (S.A.W) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah (S.W) na hamu, huzuni na woga, na kujikinga huko hakupingani na dawa. Ajihadhari tu na waganga wanaomwongezea khofu ili wamuuzie kinga.

Kwa wakazi wa Bombambili na mitaa jirani, tunawaomba vijana wanaoogopa maiti wawaone maimamu wao na waseme waziwazi kuwa wanaogopa. Nanyi maimamu na wazee, akija mmoja wao msimcheke. Mpeni kazi ya kukata sanda kwanza.

Wabillahi Tawfiiq.