AJALI KAZINI: KESI NI YA NANI?



Kikao kilichopita mjumbe aliuliza: kijana akikatwa vidole na mashine ya kukoboa mpunga hapa Msowero, kesi inafunguliwa wapi? Walijibu watu wanne na kila mmoja alitaja ofisi yake. Tumeona tuweke maoni ya tawi kwa maandishi.

Ofisi zipo za kutosha. Usalama kazini ni wa OSHA, chini ya Sheria Na. 5 ya 2003. Kama ni mgodini, Tume ya Madini nayo ina kanuni zake za usalama. Fidia ni ya WCF, kwa sheria ya 2008. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya jeraha anakwenda CMA. Mwajiri kushtakiwa kwa jinai ni uamuzi wa DPP, Ibara ya 59B ya Katiba. Baraza la kata na mtendaji hawana mamlaka ya kuhukumu kosa hili, ingawa ndiko tunakokimbilia, na ndiko watu wanakomalizana kienyeji kwa laki mbili.

Tatizo ni kwamba hakuna anayelazimika kulishika faili la majeruhi toka mwanzo hadi mwisho. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufika CMA ndani ya siku 30. Madai ya fidia WCF yana ukomo wa miezi 12 tangu ajali. Kijana anaambiwa asubiri polisi wamalize kwanza, anasubiri, siku 30 zinakwisha akiwa bado na bandeji. Kila ofisi aliyopita ilimwambia ukweli kuhusu mipaka yake! Kwa lugha yetu ya uhasibu, muamala mmoja umeingizwa kwenye vitabu vitano na hakuna anayelinganisha.

Kwenye vifo mambo ni mazito zaidi. Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka kiwandani Mtibwa, jirani zetu wa Mvomero, watu 11 wakafa. Novemba mwaka huohuo ghorofa likaporomoka Kariakoo, na wamiliki wakafikishwa Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Shtaka la namna hiyo kwa kawaida ni la Mahakama Kuu, kwa hiyo Kisutu ni mlango tu wa kupitia. Kosa la kukiuka sheria ya usalama kazini ni jingine na adhabu yake ni nyepesi zaidi. Kifo kilekile kinaweza kuwa kesi kubwa au faini, na familia ya marehemu haiulizwi.

Wapo wanaosema mgawanyo huu ni mzuri, kwamba fidia isingoje hukumu. Hapo tunakubaliana nao kabisa; WCF hailipi kwa kuangalia nani mwenye kosa, na ibaki hivyo. Tunachotaka ni taarifa ya ajali ipokelewe mara moja, ipewe namba moja, na OSHA ndiyo iwe na wajibu wa kuipeleka WCF, kwa DPP na Tume ya Madini inapohusika. Kwa sasa kazi hiyo anaifanya majeruhi, kwa nauli yake ya Kilosa na Morogoro.

Na msikubali kuambiwa kibarua wa gunia hana haki kwa kuwa hana mkataba. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, saa zake za kazi zinapangwa na anayemlipa. Wenye mashine wengi hapa wanapanga hata saa ya kula.

Hoja hii tutaipeleka kikao cha kata. Mwenye ndugu aliyeumia kazini ndani ya miezi 12 iliyopita amwone Katibu kabla ya kikao, aje na karatasi za hospitali, PF3 kama ipo, na tarehe kamili ya ajali.

Katibu wa Tawi,
Msowero