Kura Bila Daftari: Funzo Kutoka kwa Wapenzi wa Black Mesa

Sisi tunaotoka katika nchi ambako watu hukesha kulinda kura tunalijua vyema neno hilo na uzito wake. Tukisikia kampuni ya biashara inawaita watu wapige kura, masikio yetu husimama. Leo basi tunaomba msomaji atuvumilie tuzungumzie jambo ambalo wazee wengi wataliona la kitoto, yaani magemu ya kompyuta. Vijana wetu wa Muscat, London na Minneapolis, na wale wa Dar es Salaam na Mombasa, wengine wao wamepiga kura za aina hii kabla hawajawahi kumpigia mbunge. Wanachojifunza huko kuhusu kura kinatuhusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1998 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Half-Life, ukapata wapenzi wengi duniani. Mwaka 2004 ikautoa tena kwa teknolojia mpya, lakini wapenzi wengi wakaona kilichobadilika ni kidogo mno. Baadhi yao, watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali na kukutana kwa intaneti tu, wakaamua kuujenga upya wenyewe: picha, sauti, muziki, chumba baada ya chumba. Kazi ya namna hiyo, yaani wapenzi kutengeneza mchezo juu ya mchezo wa mwenye mali, huitwa modi. Yao wakaiita Black Mesa. Miaka ikapita hadi watu wakaanza kuwacheka kwamba haitatoka kamwe.

Valve hiyo hiyo ndiyo yenye Steam, duka kubwa la magemu ya kompyuta kwenye intaneti. Zamani wafanyakazi wake ndio walioamua nani auze humo na nani asubiri nje. Tarehe 30 Agosti 2012 wakaanzisha mpango ulioitwa Greenlight: mtengenezaji anaonyesha kazi yake, wateja wanapiga kura, zinazopendwa zinaingia dukani. Wapenzi wa Black Mesa wakaitana, kila mmoja akamwita mwenzake. Tarehe 11 Septemba, hata wiki mbili hazijatimia, Valve ikatangaza kazi 10 za kwanza zilizopita. Black Mesa ilikuwamo, pamoja na modi nyingine mbili, Cry of Fear na No More Room in Hell. Siku tatu baadaye Black Mesa ikatolewa bure kwa umma, ingawa sura zake za mwisho zilikuwa bado.

Tunawapongeza. Watu wasio na ofisi wala mshahara walionyesha kwamba wengi wakikubaliana, mwenye duka husikiliza. Hilo si dogo.

Lakini tuulize swali ambalo mwandishi yeyote wa habari za uchaguzi lazima aulize: kura ngapi zilitosha? Jibu halikuwa wazi. Hapakuwa na sheria iliyotangazwa kwamba ukifikisha idadi fulani umeshinda. Valve ndiyo iliyoziangalia kura, ikachagua siku ya kutangaza na majina ya kutangaza. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Kura nayo ni mali ya mpigaji. Isipokuwa na daftari lililo wazi, huwa ombi tu. Anayeombwa anaweza kukubali au kukataa, na hadaiwi maelezo.

Yaliyofuata hayakutushangaza. Wiki ya kwanza tu mpango ulijaa mizaha na watu walioweka kazi zisizo zao, Valve ikaweka ada ya dola 100 iliyopelekwa kwenye hisani. Kisha wakaja watengenezaji walioahidi nakala ya bure kwa kila atakayewapigia kura. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa jambo hilo. Sisi tuliliita takrima, likaingizwa hata katika sheria ya uchaguzi, hadi Mahakama Kuu ilipolitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Mgombea anayegawa sukari na kanga na mtengenezaji anayegawa nakala wote wananunua kitu kile kile, na aliyefanya kazi nzuri bila cha kugawa ndiye anayeachwa nyuma.

Gabe Newell, mkuu wa Valve, mwenyewe alisema hadharani mwaka 2013 kwamba Greenlight ilikuwa mfano mbaya wa uchaguzi. Hata hivyo iliendelea hadi Juni 2017 ndipo ikafungwa. Tangu hapo mtengenezaji hulipa dola 100 kwa kila mchezo, na hurudishiwa akishafikisha mauzo ya dola 1,000. Mlango uko wazi kuliko zamani, lakini umati nao ni mkubwa: mwaka 2024 peke yake ziliingia kazi zaidi ya 18,000. Kijana wa Mwanza au Bujumbura akishatafuta hiyo dola 100, ambayo kwa wengi ni mshahara wa mwezi, bado atamezwa na umati huo.

Wapo watakaotuambia: duka ni la watu binafsi, mwenye duka ana haki ya kuuza anachotaka. Ni kweli, wala hatubishi. Basi na aseme anakusanya maoni, asiseme anapigisha kura. Ukitumia neno kura umebeba na masharti yake: idadi inayotakiwa ijulikane kabla, hesabu ionekane na kila mtu, anayenunua kura aondolewe, na anayeamua mwishoni atajwe. Bila hayo, kijana anazoeshwa kubonyeza kitufe na kushukuru. Mtu aliyezoea hivyo tangu ana miaka 15 hataona ajabu atakapopewa sanduku la aina hiyo hiyo kwenye kituo cha kupigia kura.

Kwa mashabiki pia tuna neno. Black Mesa haikuokolewa na zile siku za Septemba 2012. Ruhusa ya kuiuza ilitoka kwa Valve, mwenye mchezo wa asili. Kuuzwa kwake kulianza Mei 2015, na kazi yote, pamoja na zile sura za mwisho, ikakamilika Machi 2020. Kwa miaka yote hiyo walibaki wapenzi walionunua, wakaripoti kasoro na kusubiri bila kutukana. Vivyo hivyo mchezo Aurion wa Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni: ulichangiwa fedha na watu wa mataifa mbalimbali, ukapita Greenlight, na kuanza kuuzwa Steam Aprili 2016. Kura iliwafungulia mlango tu. Kilichowaweka ndani ni watu waliotoa fedha na muda wao.

Rai yetu basi ni fupi. Kijana wako akikuambia kuna kazi ya Mwafrika au ya jirani yake inaombewa kura mahali fulani, mwache apige. Lakini mfundishe aulize kwanza: nani anahesabu, zinatakiwa ngapi, na matokeo nitayaona wapi? Asipojibiwa, ajue ameandika ombi. Na hata akijibiwa, akishapiga kura asiondoke. Siku mchezo huo utakapowekwa sokoni, awe wa kwanza kununua.