Simu yako ni ya Android: nani ameshika funguo zake?

Juni 2024 WhatsApp iliacha kuruhusu watu wapya kuipakua kwenye vitochi vya intaneti vinavyotumia mfumo wa KaiOS. Mapema 2025 hata waliokuwa nayo tayari wakafungiwa. Vitochi hivyo vilikuwa na watu wake huku ziwani. Bei yake ilikuwa ndogo, betri inakaa, na kwa mtu wa Mwamgongo au Kagunga anayechaji kwa sola ya jirani, betri inayokaa si jambo dogo. Sasa simu ni nzima, laini iko hewani, bando limo, lakini kundi ambalo wachuuzi huuliziana bei ya dagaa kabla boti haijaondoka Kibirizi halifunguki tena.

Jambo kama hilo likitokea, neno la kwanza linalosemwa ni "imeingia virusi." Simu inapelekwa kwa fundi, inafutwa kila kitu, picha za harusi zinapotea, na WhatsApp bado haifunguki. Virusi havikuwepo. Mwenye WhatsApp aliamua kuondoka kwenye mfumo ule, basi.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu mwaka huu na ujao kuna mabadiliko mengine yanakuja, na safari hii yanagusa simu za Android, ambazo ndizo nyingi zaidi mikononi mwa wasikilizaji wetu.

Kila simu inayofanya zaidi ya kupiga na kupokea ina programu mama inayoamrisha kioo, kamera, spika na laini. Hiyo ndiyo mfumo endeshi. Mifumo mingine imefungwa: iPhone inatumia mfumo wa Apple, na Apple haimpi mtu mwingine autengenezee simu. Mingine ni huria, yaani maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi ili yeyote ayasome, ayabadilishe na ayatumie bila kuyalipia. KaiOS yenyewe ilizaliwa hivyo. Shirika la Mozilla la Marekani lilikuwa na mfumo huria wa simu ulioitwa Firefox OS, na Desemba 2015 likatangaza kuachana na biashara ya kuuza simu zake. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, wengine waliyachukua wakajengea KaiOS. Mfumo ukaishi baada ya mwenyewe kuuacha. Lakini WhatsApp si huria, ni mali ya kampuni ya Meta, na uhuria wa mfumo haukumzuia Meta kufunga virago.

Android nayo ni huria katika msingi wake. Chini kabisa imekaa juu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland. Google iliinunua kampuni ya Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ikaingia sokoni 2008. Kwa kuwa mtengenezaji halipii kibali cha kutumia msingi huo, simu za bei ya chini ziliwezekana. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ni Android iliyovalishwa nguo za mwenye kiwanda. Ndiyo maana Tecno inaandika HiOS na Infinix inaandika XOS, na watu wanabishana kijiweni kama ni simu za aina tofauti. Ndani ni mfumo mmoja.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Fikiria michoro ya kutengeneza boti imebandikwa mwaloni Katonga, kila seremala anaruhusiwa kuinakili. Atatengeneza boti lake bila kumwomba mtu. Lakini injini inauzwa na mtu mmoja, na ana masharti yake. Android iliyo wazi ni ile michoro. Duka la Play, Ramani za Google, Gmail, YouTube na huduma za chinichini ambazo programu nyingi huzitegemea ndizo injini, na hizo hazikuwekwa wazi. Huawei walilionja hilo Mei 2019, serikali ya Marekani ilipoizuia kufanya biashara na kampuni za nchi hiyo. Waliendelea kutumia Android huria kwa sababu hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, lakini simu zao mpya zikatoka bila Duka la Play. Mteja aliyezinunua akakuta simu nzuri, kamera nzuri, ila programu alizozizoea hazipo au zinagoma.

Kwa hiyo mtu akisema Android ni ya Google, hajakosea sana, na akisema Android ni ya kila mtu, naye hajakosea. Inategemea anazungumzia sehemu gani.

Uwazi huo una upande wa pili usiosemwa sana madukani. Kama kila mtu anaweza kubadilisha mfumo, basi mtu mwenye nia mbaya naye anaweza. Agosti 2020 BuzzFeed News na kampuni ya usalama ya Upstream walieleza kwamba simu mpya za aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper. Zilikuwa ndani ya simu kabla haijanunuliwa. Zilijiunga na huduma za kulipia kimyakimya na kumaliza salio la mwenye simu. Transsion ilisema tatizo liliingizwa na mhusika mwingine katika mnyororo wa utengenezaji na kwamba ilikwishatoa marekebisho. Mtu ambaye salio lake linayeyuka huwa analaumu mtandao. Mara nyingine mtandao hauna kosa.

Simu bandia nazo zinaishi humo humo. Mkoa wetu una Burundi kaskazini na Congo ng'ambo ya maji, na simu zinavuka kama bidhaa nyingine. Mtengenezaji wa bandia huchukua Android ya zamani akabadilisha maandishi tu, ukifungua mipangilio unasoma toleo jipya na nafasi ya 256GB, wakati ndani kuna toleo la miaka mingi nyuma na nafasi isiyofika hata nusu. Kuna hata zinazovalishwa sura ya iPhone kumbe ni Android. Mipangilio ya simu ni maandishi, na maandishi yanaandikika. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016 haikutazama jina lililo kwenye kava. Ilitazama namba ya utambulisho. Bonyeza *#06# kabla hujatoa pesa, kisha tuma namba hiyo kwenda 15090 uone jibu linataja aina na modeli ipi. Likitaja simu nyingine na siyo uliyoshika, rudisha.

Sasa tufike kwenye linalokuja. Vijijini programu hazipakuliwi sana. Bando ni ghali na mnara uko mbali, kwa hiyo mmoja anapakua akiwa Mwanga mjini na wengine wanarushiana kwa Xender, kwa Bluetooth au kwa memori kadi. Android imeruhusu hilo tangu mwanzo, na kwa maoni yetu ni moja ya sababu iliyoifanya ienee pwani ya ziwa letu kuliko mfumo mwingine wowote. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kwenye simu zilizoidhinishwa nayo, programu itakubali kuingia tu ikiwa mtengenezaji wake amejiandikisha kwa Google na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu haitoki Duka la Play. Utaratibu unaanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kuenea duniani kuanzia 2027. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 Google ikasema itaweka njia ya watumiaji wenye uzoefu kukubali hatari na kuendelea.

Watu watasema kurushiana programu kumepigwa marufuku. Siyo. WhatsApp halisi uliyorushiwa na jirani itaendelea kuingia, kwa kuwa anayetafutwa ni aliyeitengeneza. Zitakazopata shida ni zile zisizo na mwenyewe anayejulikana, kama GB WhatsApp, ambayo vijana wengi wanaipenda kwa sababu inaonyesha ujumbe uliofutwa. Hiyo ni nakala iliyochezewa na watu wasiojulikana, na WhatsApp wenyewe wamekuwa wakifungia akaunti za wanaoitumia. Hatuoni kama tutailia.

Sababu ya Google ina uzito, hilo tulikubali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Programu za namna hii zikishapewa ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, ukichelewa kulipa wanawatumia ujumbe wa aibu mkweo, mchungaji, shehe na mwajiri wako. Mtengenezaji akijulikana jina, yupo wa kumshtaki.

Lakini kijana wa Ujiji anayetaka kutengeneza programu ndogo ya bei za migebuka, airushe kwa watu wa mialo mitano, naye itabidi apite mlango wa kampuni ya Marekani. Google inasema wanafunzi na wanaojifunza watakuwa na akaunti ya bure, yenye kikomo cha idadi ya simu. Watetezi wa programu huria, wakiwamo wenye hazina ya programu iitwayo F-Droid, wanapinga, wakisema mfumo uliojengwa kwa uwazi unawekewa mlinzi mmoja getini. Sisi tunadhani hofu yao ni ya kweli. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu maandishi yalikuwa wazi na hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa. Lugha yetu iliingia kwenye kompyuta kwa mlango huo.

Kuna mambo madogo ambayo huulizwa pamoja na haya. Kufunga programu zote kila dakika hakuokoi betri, maana simu inatumia nguvu zaidi kuzifungua upya. Programu za "kusafisha simu" kwa kawaida zinaleta matangazo na kula bando. Na kukataa kusasisha kwa kuogopa simu itakuwa nzito kuna gharama yake, kwa sababu masasisho ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi wanaingilia. Kama bando ni tatizo, subiri siku ukiwa mjini kwenye Wi-Fi.

Tatizo kubwa zaidi ni simu ambazo hazisasishwi kabisa. Simu nyingi za bei ya chini hupata masasisho kwa muda mfupi, nyingine hazipati hata moja, kisha programu zinaanza kuondoka moja moja. Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu zenye Android 4.4, kama ilivyoviacha vitochi. Ukienda dukani Mwanga au sokoni Ujiji, fungua mipangilio, ingia "Kuhusu simu", tazama toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama, ukishahakiki kwanza kwa 15090 kwamba simu si bandia. Simu mpya ndani ya boksi yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma imeanza kuzeeka kabla hujaiwasha, na muuzaji anapaswa kuteremsha bei.