Paja likivunjika Kilindoni, 'tumalizane' haitoshi

Abiria wa bodaboda akivunjika paja kwenye barabara ya Kilindoni kwenda Utende, kisiwani Mafia, safari ya matibabu huwa ndefu kuliko ile iliyomwangusha. Hospitali ya wilaya itamfunga ubao. Mfupa ukihitaji vyuma, atavushwa bahari hadi Nyamisati, kisha gari hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Ndugu wanachangishana. Dereva, kijana wa mtaa huohuo, analeta Sh50,000 na kuomba yaishe.

Mara nyingi yanaisha. Kisiwa ni kidogo. Huyo dereva huenda ni shemeji, na nani ampeleke shemeji mahakamani?

Lakini kudai haki si lazima kuwe kumfilisi shemeji. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kuingia barabarani bila bima ya kulinda watu wengine, ile ambayo mtaani huitwa bima ndogo. Abiria aliyelipa nauli ni miongoni mwa wanaolindwa. Akishinda kesi, na kampuni ya bima iliarifiwa mapema, kampuni ndiyo inayotoa fedha. Anayebaki mikono mitupu ni dereva mwenye kosa: bima ndogo haimtibu yeye wala haitengenezi pikipiki yake. Hilo madereva wengi hulijua wakiwa tayari kitandani.

Kinachoua madai ni saa chache za mwanzo. Pikipiki inasukumwa hadi kwa fundi, polisi hawaitwi, fomu ya PF3 haichukuliwi, na karatasi ya makubaliano inasainiwa huku majeruhi akiugulia maumivu. Sheria inampa miaka 3 ya kufungua madai. Mashahidi wa kijiweni hawangoji hata miezi 3.

Tena pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Zina tajiri anayepokea hesabu kila jioni, naye pia anaweza kushtakiwa kwa kosa la dereva wake. Huyo akiulizwa bima, asiishie kuonyesha stika: uhai wa bima huthibitishwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kampuni ikizungusha malipo, yupo Msuluhishi wa Bima.

Ndugu wa majeruhi, kabla ya kupokea hiyo Sh50,000, pigeni picha namba ya pikipiki na stika ya bima, kama ipo, chukueni PF3, tunzeni kila risiti, hata ya kivuko. Na msisaini chochote siku hiyo.