LIKONI: KURA ILIYOMWAGIWA DAMU, WEWE WAIUZA MIA MBILI?



Umekaa maskani, simu mkononi, wasema, "Kura haibadilishi kitu bana." Haya. Kama haibadilishi kitu, mbona 1997 watu waliuawa kwa ajili yake hapa hapa Likoni?

Skiza historia ya kwenu.

1992 serikali ilikataa kuisajili IPK. Wazee wetu hawakulala. Walipeleka kura zao FORD-Kenya, Khalif Mwavumo akaingia bungeni na KANU ikapoteza Likoni.

Usiku wa 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi sita wakauawa. Kisha wakaandamwa majirani zetu wa kutoka bara, ambao wengi wao walijulikana kuwa kura za upinzani. Wakachomewa nyumba. Zaidi ya watu 100 walikufa, karibu 100,000 wakahama.

Waliotumiwa ni akina nani? Tuseme ukweli, tusijifiche: vijana kama wewe, wa hapa hapa, walioahidiwa ardhi na kazi. Ardhi hawakuiona. Walichoona ni msako, vipigo na mateso, hata kwa wasiohusika. Kigogo hata mmoja hakufungwa.

Na kiti? Desemba ile kilienda kwa Suleiman Shakombo wa Shirikisho. Damu yote ile, na KANU haikukipata kiti cha Likoni.

Januari 2016, mwaka mmoja na nusu kabla ya uchaguzi, serikali ikaleta hatimiliki za shamba la Waitiki, ekari 930. Wenyeji wakaambiwa kila mmoja alipe 182,000. Walipe kwa ardhi waliyoishi miaka yote hiyo! Mbunge wetu Masoud Mwahima akagombea kwa tikiti ya Jubilee. Watu walipokea hati, wakanyamaza. 2017 wakamrudisha nyumbani, wakamchagua Mishi Mboko.

Waona? Hatukwambii umpende fulani wala umchukie fulani. Twakwambia hivi: wakubwa waijua thamani ya kura ya Likoni, ya Kisauni, ya Changamwe. Asiyeijua ni wewe, unayepewa mia mbili na tisheti ukaona umewapiga. Wewe ndiye uliyepigwa, ndugu yangu, miaka mitano.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Huna kitambulisho? Kaombe sasa, usingoje foleni za mwisho. Ukizungushwa, ukiulizwa maswali wasiyoulizwa wenzako kwa sababu ya jina lako au kanzu yako, andika tarehe, ofisi, na ulichoambiwa. Tuletee. Tutasimama nawe.

Ukishakipata, nenda IEBC ujiandikishe, na umvute dada yako na rafiki yako.

Na atakayekuja usiku kukupa panga badala ya kura, mwambie akampe mwanawe kwanza.

Kura ni ushahidi. Ushahidi hauuzwi.